Mawazo Yana Hospitali

Ukishuka Kisawasawa kwenye basi la Ifakara na kuketi kidogo katika vibanda vya kando ya barabara, mazungumzo yakamgusa mtu aliyekonda bila homa, aliyeacha kwenda shamba, aliyejifungia ndani huku mpunga wake ukiliwa na ndege, utasikia hukumu inatolewa bila kusita: "Huyo ana mawazo tu. Mawazo hayana hospitali." Mjadala unaishia hapo. Anayethubutu kusema mgonjwa apelekwe kwa daktari hutazamwa kama mtu asiyeyajua maisha.

Hukumu hii haitolewi na wajinga. Wanaitoa wazee wenye busara zao, makatekista, mashemeji na mawifi, walimu, na mara nyingine mhudumu wa afya mwenyewe. Imeenea bonde zima la Kilombero, kutoka Kidatu kwenye miwa hadi Mlimba, ikavuka mto kuingia Ulanga na Malinyi. Kwa kuwa inasemwa na wengi na inasemwa kwa nia njema, imepewa heshima ya ukweli. Mimi nasema ni kosa, na ni kosa linaloua.

Ninachokisimamia ni hiki. Mtu ambaye huzuni au hofu imemkalia wiki mbili na zaidi, ikamnyima usingizi, ikamwondolea hamu ya chakula, ikamnyang'anya nguvu za kazi na raha ya kukaa na wenzake, anaumwa. Ugonjwa wake wataalamu huuita sonona, au wasiwasi uliopitiliza, na mara nyingi yote mawili hukaa ndani ya mtu mmoja. Una tiba. Mahali pa kuanzia tiba hiyo ni mbele ya daktari, kwa maneno yaliyonyooka.

Ushahidi wa kwanza dhidi ya msemo wetu uko kwenye benchi za zahanati zenyewe. Tumchukulie mama mmoja wa bonde hili. Simpi jina kwa sababu wapo wengi wa namna yake. Amejifungua miezi mitatu iliyopita. Hapati usingizi hata mtoto anapolala. Analia akiwa peke yake jikoni, na mtoto anamwona kama wa mtu mwingine. Anakwenda zahanati, lakini hayo yote hayasemi. Anachosema ni kwamba kichwa kinamwaka moto, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio. Anapimwa malaria, hakuna. Anapewa Panadol. Anarudi, anaambiwa huenda ni UTI. Anakwenda duka la dawa muhimu, ananunua dozi. Anauza kuku, anapanda basi hadi Ifakara, anapimwa presha, iko sawa. Mwisho wa safari zote ukoo unakaa na kuamua: vipimo havioni kitu, basi huu si ugonjwa wa hospitali.

Tazama hoja hiyo inavyopinda. Kipimo cha malaria kimetengenezwa kuona malaria. Mashine ya presha inaona presha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotengenezwa kuona sonona, kwa hiyo kunyamaza kwake hakuthibitishi lolote. Kipimo cha sonona ni maswali, na swali halipimi kitu mpaka lijibiwe kwa ukweli. Mama yule alikwenda hospitali mara nyingi kuliko hata mwenye homa ya kawaida. Alichokosa ni mazungumzo tu. Daktari hakuuliza, mgonjwa hakusema, na lawama ikaangukia hospitali kwamba haina dawa.

Wala huu si mfano wa kubuni tu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam, uliowapima watu wazima waliofika katika vituo vya afya vya kawaida na wengine waliofika kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na sonona, wasiwasi au maradhi ya jamii hiyo. Kwa waganga wa jadi ilikuwa asilimia 48. Kwa hiyo karibu mmoja katika kila wanne waliokaa foleni ya zahanati alikuwa na maradhi ambayo sisi tunasema hayana hospitali, na kwa mganga ilikuwa karibu nusu ya wote. Wagonjwa hawa tayari wanatafuta tiba. Wanalipa nauli, wanalipa vipimo, wanalipa kuku na mbuzi. Tunachobishania ni kama wataendelea kulipia kitu wasichoumwa, au watatibiwa kile wanachoumwa.

Hoja ya pili ya wenzetu ina nguvu zaidi, nami sitaki kuipita haraka. Wanasema: mtu wa Kisawasawa ana shida za kweli. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba na nyumba bondeni. Mpunga unashuka bei siku ile ile unapovunwa. Mikopo ya kausha damu inawafikisha watu mahali pa kukimbia nyumba zao usiku. Mume kaenda kutafuta vibarua kwenye miwa na hajarudi. Daktari atamfanyia nini mtu wa namna hii? Atamlipia deni? Atamrudishia shamba? Mpe fedha, mawazo yatakwisha yenyewe.

Ni kweli kwamba umaskini huzaa sonona. Anayekana hilo hajaishi na watu. Ila kutokana na ukweli huo hatuwezi kuruka hadi kusema kwamba tiba haimfai maskini. Malaria nayo inaletwa na madimbwi na nyumba zisizo na wavu, lakini hakuna anayemwambia mgonjwa wa malaria asubiri kwanza madimbwi yafukiwe ndipo apewe dawa. Na hapa hatuhitaji kukisia, kwa sababu jambo hili limepimwa kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyokuwa yamepigwa na UKIMWI na ufukara, watafiti waliwatafuta watu wenye sonona na kuwaweka wa baadhi ya vijiji hivyo katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, kikiongozwa na mtu wa hapo hapo aliyepewa mafunzo ya muda mfupi. Hakukuwa na fedha za kugawa wala dawa. Kulikuwa na mazungumzo yenye utaratibu: msiba ulioupata, ugomvi ulio nao, mabadiliko yaliyokuangukia, upweke unaokula, na hatua ya kuchukua wiki hii. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya watu wa vikundi walikuwa na sonona kali. Baada ya kumaliza, walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 54.7 walikuwa bado wagonjwa.

Watu wale hawakutajirika katika wiki 16. Maiti zao hazikufufuka. Kilichobadilika ni kwamba waliweza tena kuamka, kulima, kupika, kuhudhuria misiba ya wenzao. Na mtu aliyerudishiwa nguvu hizo ndiye anayeweza kukabiliana na deni. Anayeumwa sonona haoni njia hata ikiwa mbele yake. Hasaini, haendi kudai, hapandi, haamii ndege. Ugonjwa ulioletwa na umaskini hugeuka ukawa sababu ya umaskini zaidi. Anayemwambia maskini asubiri fedha ndipo apone amemfungia mlango pande zote mbili.

Mtu anaweza kunirudishia hoja hiyo hiyo: kama Waganda walipona kwa vikundi vya kijijini, daktari wa nini tena? Nitamjibu kwamba vikundi vile havikuwa gumzo la kibandani. Vilianzia kwa kumpima kila mtu, vikafuata njia iliyotokana na utabibu na kujaribiwa, na viongozi wake walifundishwa na kusimamiwa. Zimbabwe nako, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi watu wazima kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki za Harare, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hizo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi iliwekwa kliniki kwa sababu bibi akiona mambo yamemzidi, daktari yuko ndani. Kuna sonona inayokubali mazungumzo, ipo inayohitaji dawa, na ipo ambayo chini yake kumejificha ugonjwa mwingine kabisa. Upungufu wa damu unamfanya mtu achoke na kukata tamaa. Maradhi ya tezi ya shingo yanaweza kuleta huzuni na uzito wa mwili, au yakaleta moyo kwenda mbio na hofu isiyo na sababu. Baadhi ya dawa pia: efavirenz, iliyotumiwa miaka mingi na watu wanaoishi na VVU kabla ya kubadilishwa, iliwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na huzuni nzito. Jirani mwenye huruma hawezi kuyatenganisha haya. Daktari anaweza, akiambiwa.

Tuje kwenye hoja ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: haya si ya hospitali kwa sababu kuna mkono wa mtu, au kuna pepo, au ni imani iliyolegea. Bonde hili lina historia ndefu na jambo hilo, na historia hiyo inafaa isomwe mpaka mwisho.

Wazee wanakumbuka habari ya degedege. Mtoto alipokakamaa na kugeuza macho, ilisemwa kwamba hilo ni la mganga, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Watoto wangapi tuliwazika kwa sababu ya hukumu hiyo, Mungu ndiye anajua. Leo mama wa Kilombero anajua kwamba malaria kali inaweza kumletea mtoto degedege, na anakimbia na mtoto wake hospitali. Na upande wa pili wa mto, Mahenge, kifafa kilikuwa laana. Mgonjwa alilishwa chombo cha peke yake, watu waliogopa mate yake, akianguka motoni hakuna aliyemshika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki Mahenge na kuanza kuwapa wagonjwa hao fenobabitoni. Kilichoitwa laana kikasikia kidonge. Watu walioishi kando ya jamii wakarudi kwenye vyungu vya pamoja. Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba huko Mahenge kifafa kinahusiana na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wa mitoni.

Kwa hiyo bonde hili limekwisha kubadili hukumu yake mara mbili, na kila mara wagonjwa ndio waliofaidika. Sonona ni ya tatu, na sioni kwa nini tuing'ang'anie hukumu ya zamani hapa wakati tumeiacha kule.

Kuhusu imani, nawaomba makatekista na mashehe wanisikilize bila kudhani nimekuja kushindana na sala. Katika Biblia, Eliya nabii aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Hakuambiwa kwamba imani yake ni haba. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo safari ikaendelea. Mwili wake ulihudumiwa kwanza. Katika Uislamu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu inayoonekana, na akataka nafsi itunzwe kama mwili unavyotunzwa. Mwumini wa dini yoyote bondeni hapa akivunjika mguu anaombewa na anafungwa plasta, na hakuna kiongozi wa dini anayeona hapo ugomvi. Basi amwombee mwenye sonona, kisha amsindikize kwa daktari. Kumwambia mgonjwa kwamba angekuwa na imani asingeumwa ni kumwongezea dhambi asiyoitenda juu ya ugonjwa alio nao.

Wengine husema haya ni mambo ya Kizungu, ya watu wa mjini wenye muda wa kujisikiliza. Lakini huko Lutindi, milimani Usambara, wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa tangu mwaka 1904. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927. Na mkoa wetu wa Morogoro haukuachwa nyuma: miaka ya 1980, Serikali ilipoanza kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani kupeleka huduma ya afya ya akili katika vituo vya kawaida, mikoa ya majaribio ilikuwa Kilimanjaro na Morogoro. Babu zetu wa mkoa huu walihesabiwa kuwa watu wa kutibiwa maradhi ya akili kabla wengi wanaobeza leo hawajazaliwa. Na nusu ile ya wateja wa waganga wa jadi haikufundishwa kuumwa na Mzungu.

Sasa dawa. Wapo wanaokubali kwamba ni ugonjwa, ila wanasema dawa zake zinamfanya mtu zezeta na hawezi kuziacha maisha yake yote. Hofu hii imechanganya vitu viwili. Valiamu na ndugu zake, zikitumiwa muda mrefu, kweli humfunga mtu, na ndiyo sababu hazifai kununuliwa kienyeji kwa ajili ya usingizi. Dawa za sonona zenyewe, kama amitriptilini na fluoksetini, haziletei mtu arosto ya kuzitafuta kama mlevi. Zina tabia zake. Hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi ndipo mtu aanze kuona nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazina maana. Amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo. Mtu akipata nafuu huendelea nazo miezi kadhaa ili ugonjwa usirudi, kisha huzipunguza taratibu kwa maelekezo, maana kuziacha ghafla humsumbua. Zina hatari pia: amitriptilini ikizidi kipimo inaua, haimfai kila mwenye maradhi ya moyo, na mtu ambaye ana vipindi vya kuchangamka kupita kiasi anaweza kuharibikiwa akipewa dawa ya sonona peke yake. Haya yote ni sababu za kumwendea daktari na kumweleza historia yako yote. Hayawi sababu ya kumkimbia.

Kuna hoja ya wanaume, na hii inanisikitisha kuliko nyingine zote. Mwanaume hulelewa akiambiwa kwamba kulia ni kwa wanawake. Akizidiwa anakwenda kilabuni, na komoni au gongo inampa saa mbili za kusahau na siku mbili za huzuni zaidi, kwa sababu pombe yenyewe inazidisha sonona na kuharibu usingizi. Anakuwa mkali nyumbani, anapiga, anafukuza watu, na kila mtu anaona ubaya wake, hakuna anayeona ugonjwa wake. Wakati wa mavuno anakaa peke yake dunguni wiki nyingi, mbali na mtu wa kuzungumza naye. Dunia nzima, watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Tunapomsifu mwanaume kwa kunyamaza, tujue tunasifu nini. Ujasiri ni kuingia chumba cha daktari na kusema, "Nimezidiwa."

Wanaonyamaza kwa kuogopa siri kutoka, au kuogopa kupelekwa Mirembe, au kuogopa polisi, siwalaumu. Hofu hizo zina mizizi. Ila zipimwe moja moja. Mirembe ni kwa wagonjwa wachache waliozidiwa sana. Mwenye sonona au wasiwasi wa kawaida hutibiwa akiwa kwake, anakuja kliniki na kuondoka kama mwenye kisukari. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa daktari kwa maadili ya kazi yake. Kuhusu polisi, ni kweli kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamfanya mkosaji mtu aliyejaribu kujiua. Kifungu hicho ni urithi wa mkoloni na kinastahili kufutwa. Kenya walikuwa nacho cha namna hiyo, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Wabunge wetu wafanye vivyo hivyo, kwa sababu sheria inayomsubiri mgonjwa na pingu inamfundisha afiche. Hata hivyo msomaji ashike hili: kuwaza kufa na kumwambia daktari mawazo hayo hakuvunji sheria yoyote. Kunaweza kukuokoa maisha.

Nakiri jambo moja kwa upande wa pili. Wanaposema "nilikwenda, nikamwambia, hakunisaidia," mara nyingi wanasema kweli. Chumba cha daktari kina mlango ulio wazi na foleni inasikiliza. Dakika hazitoshi. Mhudumu amefundishwa malaria, uzazi na chanjo, ya akili akaguswa juu juu. Mabingwa wa afya ya akili ni wachache mno nchini. Lakini huo ni upungufu wa huduma, na dawa ya upungufu ni kudai huduma. Hakuna aliyesema uzazi hauna hospitali kwa sababu wakunga walikuwa wachache, tulidai wakunga. Na bonde hili lina haki ya kudai kuliko wengine. Ifakara ni mji wa utabibu: una Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, una Taasisi ya Afya ya Ifakara iliyotokana na maabara ndogo ya Waswisi ya mwaka 1957, una chuo kikuu kishiriki kinachofundisha madaktari, na tangu mwaka 1961 umekuwa ukifundisha matabibu wa vijijini. Utafiti wa vyandarua uliofanyika Kilombero na Ulanga ulisaidia kubadili namna nchi nzima inavyojikinga na malaria. Mji uliofanya hayo hauwezi kushindwa kumfundisha tabibu wa Kisawasawa kufunga mlango na kuuliza maswali mawili.

Maswali yenyewe ni mepesi. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Jibu likiwa ndiyo, anauliza zaidi: usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, kushindwa kutulia, mawazo ya kufa. Hili la mwisho asiogope kuliuliza. Kumwuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Maswali haya yaulizwe kliniki ya wajawazito na ya watoto, kliniki ya VVU na ya kifua kikuu, maana mwenye sonona huacha dawa zake nyingine zote. Halmashauri zihakikishe dawa za sonona haziishi kabla ya mwisho wa mwezi, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuendesha mazungumzo kama yale ya Masaka.

Wewe unayeumwa, usisubiri mpaka hayo yote yatimie. Nenda kwa daktari uliye naye. Usianze na kichwa wala tumbo. Anza na lenyewe. Mwambie: "Daktari, sijaja kwa homa. Ni wiki ya tatu silali, nalia bila sababu, kazi zimenishinda, na wakati mwingine naona bora nisingekuwepo." Mtajie lini ilianza, msiba au deni lililotangulia, dawa unazotumia pamoja na za kienyeji, na pombe kama unakunywa. Kama unaona haya mbele za watu, omba mlango ufungwe. Ni haki yako. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi umpe. Asipokusikiliza, mwendee mwingine, kama ambavyo ungefanya kwa jino. Shika miadi ya kurudi, maana tiba hii haimalizwi kwa siku moja.

Nawe uliye na ndugu wa namna hii, acha kumwambia ajikaze. Kaa naye, msikilize, kisha msindikize. Akikwambia anataka kufa, mwamini. Usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani ndani ya nyumba na uzifungie, na umfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Na mara nyingine ukikaa kibandani ukasikia mtu anasema mawazo hayana hospitali, usinyamaze kwa heshima. Mjibu kwamba yanayo, na umwonyeshe njia ya zahanati.